Nakala Sita Zisizo na Mwisho

Shule yetu ya Manzese ilikuwa na nakala sita za ile riwaya, na zote sita hazikuwa na mwisho. Mwandishi wake aliimaliza vizuri tu, zamani, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Lakini kitabu kikipita mikononi mwa wanafunzi themanini kila mwaka, jalada ndilo hutangulia kwenda, zikafuata kurasa za mbele, kisha za nyuma. Za mbele mwalimu aliyenitangulia alizibandika kwa gundi. Za nyuma hazikuonekana tena. Kwa hiyo hadithi yetu ilikatika pale mume, baada ya miaka tisa ya kutojulikana alipo, anaporudi mjini na sanduku lake la bati, anasimama mbele ya nyumba yake alfajiri na kupiga hodi. Nani alifungua, alisema nini, kukawa nini, hayo yote tuliyapata kwenye uchambuzi.

Uchambuzi, kwa asiyeujua, ni kijitabu chembamba kinachouzwa kwenye steshenari, kinachomweleza mwanafunzi riwaya inahusu nini ili asihangaike kuisoma. Ndani mna dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika na sifa zao, vyote vimepangwa kwa namba. Ukiukariri, umefaulu. Mimi nilifaulu kwa huo huo nilipokuwa sekondari, nikaenda nao chuo, nikarudi nao darasani kufundisha. Ulisema kwamba mke alifungua mlango, akalia, akamsamehe mumewe, na ujumbe tunaoupata ni kwamba msamaha ndio unaojenga ndoa. Niliandika ujumbe huo ubaoni miaka kumi na moja mfululizo. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza ulitoka wapi.

Nilikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni msamiati. Kila kipindi nilianza kwa kuandika neno moja kwenye kona ya ubao, neno la kutoka kwenye riwaya ambalo watoto wa siku hizi hawalitumii. Kizingiti. Ukiwa. Kutahayari. Kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na daftari dogo, aandike neno, maana yake kwa maneno yake mwenyewe, na sentensi moja iliyotoka nyumbani kwao. Wengi waliniandikia upuuzi. "Mtoto alitahayari sana." Alitahayari kwa sababu gani? Hawajui. Mbele ya nani? Hawajui. Niliwagombeza mpaka sauti ikanikauka, maana hasira zangu ziko karibu, na wanafunzi wa shule nzima wanalijua hilo.

Siku ya neno hilo, sauti fulani kutoka nyuma iliuliza, "Madam, si tuseme tu kuona aibu, yaishe?" Nikawaambia aibu mtu anaweza kuwa nayo peke yake chumbani kwake, lakini ili utahayari lazima awepo mtu anayekutazama. Sijui kama kamusi ingekubaliana nami. Niliyasema kwa kujiamini kabisa, nao wakaandika.

Jioni ile nikiwa kwangu Tabata nasahihisha madaftari, nilikuta sentensi hii: "Mama alitahayari jirani alipomuuliza jana kwenu kulikuwa na nini." Niliisoma mara mbili. Ilikuwa ya binti mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, aliyekaa dirishani na kuvaa sweta la shule hata kwenye joto la Februari. Nikaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, nikachukua daftari lililofuata. Ningeweza kumuita kesho yake na kumuuliza hali ya nyumbani. Sikumuita.

Binti huyo alikuwa na shabaha moja, na aliitaja bila kuzungukazunguka. Alitaka kuingia darasa la fasihi la kidato cha tatu. Darasa hilo lilikuwa moja tu kwa mikondo yote minne, lina viti arobaini, na aliyepata kiti alikipata kwa alama zake za Kiswahili katika mtihani wa ujirani mwema. Alinifuata ofisini akiwa amekumbatia madaftari ya wenzake.

"Shikamoo madam. Eti nikiingia la fasihi tutakuwa tunasoma vitabu tu?"

"Marahaba. Mtasoma mpaka mchoke."

"Mie sichoki," akasema, na alikuwa anamaanisha.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili hulisema mwanzo wa muhula, nami nililisema: msikariri uchambuzi, someni kitabu chenyewe. Tunalisema kwa mazoea, na wanafunzi wanajua hivyo, wanaitikia ndiyo kisha wanakwenda kununua uchambuzi. Kati ya wanafunzi wangu wote, aliyeniamini alikuwa mmoja. Alinifuata tena wiki ile ile.

"Madam, kitabu chetu hakina mwisho. Niutafute?"

"Utafute," nikamjibu, bila kuinua macho kwenye nilichokuwa nafanya.

Mtihani wa ujirani mwema ni wa shule kadhaa za jirani zinazotunga pamoja na kusahihisha pamoja. Mwaka ule tulikuwa shule tano, na usahihishaji ulifanyika katika shule moja ya Kibamba. Tulisahihisha kwa mkanda, yaani kila mwalimu anakaa na swali moja tu, karatasi zinapita mkono kwa mkono kuizunguka meza, na juu ya karatasi hakuna jina, kuna namba. Mimi nilipewa swali la riwaya, alama kumi na tano: jadili ujumbe unaopatikana katika mwisho wa riwaya. Mwongozo wa kusahihishia ulitoka kwa mwenyekiti wa jopo, mwalimu wa siku nyingi ambaye tulimuita mwenyekiti hata tukikutana naye sokoni. Mwongozo ulisema mke anafungua mlango, analia, anasamehe. Kila hoja na alama zake.

Siku ya pili mchana, tukiwa tumeshachoka, feni haizunguki na chai imepoa, ikafika mbele yangu karatasi iliyonichekesha. Nilicheka kwa sauti. Nikasema, "Jamani hebu msikilizeni huyu," nikaisoma mbele ya meza nzima:

"Mke hakufungua mlango. Alisimama ndani ya kizingiti akasikia pumzi za mumewe upande wa pili. Kisha akarudi jikoni kuwapikia watoto chai. Aliyetahayari ni mume, kwa sababu majirani walikuwa wameshaanza kutoka na kumtazama na sanduku lake."

Meza yote ikaangua kicheko. Mwenyekiti alivua miwani akafuta macho. "Huyo katuandikia riwaya yake," akasema. "Mpelekeni akachapishe."

Nami nikiwa bado nacheka, jicho langu likarudi kwenye lile neno, aliyetahayari, limetumika vile vile nilivyofundisha, na watu wa kutazama wamewekwa mahali pake. Nikajua karatasi imetoka shuleni kwangu. Nilichofanya baada ya hapo sikukifanya kwa kutojua tu. Niliogopa wenzangu wasije wakagundua kwamba mtunzi huyu wa vichekesho ni mwanafunzi wangu, kwa hiyo nikaukaza mkono. Nilipiga mistari miwili myekundu kuanzia juu mpaka chini. Nikampa alama mbili, zote za utangulizi. Na pembeni, kwa herufi kubwa, nikaandika: SOMA KITABU!

Matokeo yalipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, majina arobaini ya darasa la fasihi yalikuwa na mstari chini yake, na jina lake lilikuwa la tatu chini ya mstari. Nilimuona amesimama pale peke yake baada ya wenzake kuondoka. Hakulia. Nilidhani alizembea, nikasikitika kidogo, nikaenda zangu kipindini.

Wiki moja baadaye nilikwenda kutoa kopi kwenye steshenari iliyo barabara ya pili kutoka shuleni. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi wa jamii ya Khoja, aliyerithi duka hilo kwa baba yake, na wanafunzi wetu wote wanamjua kwa miwani yake inayokaa kwenye paji la uso huku akiitafuta mezani. Tulisalimiana. Wakati mashine inafanya kazi akasema, "Mwanafunzi wako ni muungwana, mwalimu. Kitabu changu kanirudishia safi, hata kona haijakunjwa."

"Kitabu gani, mzee?"

"Kile cha mwanamke aliyefunga mlango."

"Aliyefungua," nikamsahihisha, maana ndiyo kazi yangu.

"Alifungua nani? Mwalimu wetu alitukaririsha ukurasa ule wa mwisho darasa zima, tumesimama. Mpaka leo ninao hapa." Akajigusa kifuani. Kisha akainama, akatoa chini ya kaunta kitabu kilichofunikwa karatasi ya kaki, akakifungua kwa nyuma, akanigeuzia.

Zilikuwa kurasa nne tu. Nilizisoma nimesimama, nyuma yangu watu wanaulizia peni na karatasi za manila. Mume anapiga hodi. Mke anaamka, anavaa kanga, anakwenda mpaka kizingitini, anazisikia pumzi. Anamjua kwa pumzi. Kisha anarudi jikoni, anawasha moto, na watoto wanapouliza ni nani, anawaambia wanywe chai yao wasije wakachelewa madrasa. Nje majirani wanatoka mmoja mmoja. Riwaya inaisha mume akiwa bado amesimama. Hakuna chozi hata moja, wala msamaha. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichokuwa nimefundisha katika miaka yote ile.

"Alikuja hapa kuulizia kitabu," mzee akaendelea, haoni kilichokuwa kinanipata. "Siyo uchambuzi, kitabu. Huo uchambuzi unatoka kila siku, kitabu sijaulizwa na mtu sijui tangu lini. Nikamwambia cha kuuza sina, lakini changu chukua. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi hilo hapo, akasoma mpaka nafunga kwenda kuswali."

Aliponirudishia kopi zangu alinitazama usoni na kuniuliza kama naumwa. Niliona uso wangu wote unawaka. Nilimwambia ni jua.

Kesho yake nilipanda daladala mpaka Kibamba kwa mwenyekiti. Nilimkuta ofisini kwake, nikamweleza. Nilitegemea abishe. Hakubisha, alicheka kama mtu aliyekumbushwa utundu wake wa ujana.

"Uchambuzi ule niliuandika mimi, mwalimu. Hukujua? Nilikuwa naanza kazi. Sasa nakala niliyokuwa nayo haikuwa na kurasa za mwisho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikamalizia kwa akili. Mume karudi, mke yupo, sasa ingeishaje? Riwaya za zamani si zinaishia hivyo hivyo?"

Nikamwambia kuna mtoto amepata alama mbili kwa kusema kweli. Nikamwambia turekebishe mwongozo. Akaagiza soda, akanifungulia mwenyewe, akaanza kunieleza taratibu kama anayembembeleza mgonjwa. Matokeo yameshatumwa shule zote tano. Ukifungua karatasi moja lazima ufungue zote. Na wale waliopata kumi na tano kwa kuandika kwamba alifungua, tuwanyang'anye? Wao wamekosa nini, si wameandika walichofundishwa?

"Na waliowafundisha ni sie," akamalizia. "Mie na wewe. Utakwenda kusema nini?"

Hilo ndilo lililoniziba mdomo. Siyo hoja zake nyingine. Ningeweza kwenda kwa mkuu wa shule, lakini ningelazimika kumwambia kwamba nimefundisha miaka kumi na moja kitu nisichokisoma, na kwamba karatasi ya mwanafunzi wangu niliisoma mbele ya walimu wa shule tano ili wacheke. Niliinywa ile soda mpaka mwisho. Nilirudi Manzese sijaenda kwa mkuu wa shule, wala sikwenda siku iliyofuata. Nilikuwa mwoga, na sina neno lingine la kuuita woga huo.

Nilimuita binti wakati wa mapumziko, ofisi ya walimu ikiwa tupu. Karatasi za mtihani zilikuwa zimesharudishwa kwa wanafunzi.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Kaa." Hakukaa. "Lile swali la riwaya. Ulijibu sawa."

"Najua, madam."

"Aliyesahihisha hakuwa amesoma kitabu."

Akatoa karatasi kwenye daftari, akaikunjua juu ya meza yangu, mistari miwili myekundu na maneno yangu pembeni. Daftari lake la msamiati lilikuwa limejaa mwandiko huo huo, mwaka mzima, kwa kalamu hiyo hiyo.

"Mwandiko wako naujua, madam," akasema taratibu.

Sikumuomba msamaha. Hata leo sielewi vipi mtu mzima anashindwa kutamka neno moja jepesi mbele ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Badala yake nikajifanya mtu wa msaada. Nikamwambia kuna wanafunzi wanahama, viti vitapatikana, na wa kujaza nafasi watachukuliwa kwa mtihani wa ndani wa kufunga mwaka. Nikamwambia swali la riwaya lazima litakuwepo.

"Ukifika pale, andika wanachotaka."

"Niandike kwamba alifungua?"

"Andika kwamba alifungua."

Alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Madam, mie kile kitabu nilikipenda kwa sababu hakufungua. Kwetu baba akirudi, mama anafunguaga."

Nilikumbuka ile sentensi yake ya jirani, niliyoiwekea vema nikaendelea na daftari lililofuata.

"Ni mtihani tu," nikamwambia. Hilo ndilo jibu lililonijia.

Novemba aliandika. Nilisahihisha mwenyewe, kwa mwongozo ule ule wa mwenyekiti. Mke alifungua mlango. Alilia. Alisamehe. Ujumbe tunaoupata, kwanza, pili, tatu. Kila hoja ilikuwa mahali pake, imenakiliwa kutoka kwenye uchambuzi bila kupotea hata nukta. Nilitafuta kizingiti, ukiwa, kutahayari, au neno lolote kati ya maneno ya mwaka mzima, sikuliona hata moja. Nikampa kumi na tano, kwa sababu mwongozo ulisema kumi na tano. Mkuu wa shule alifurahi sana na mtoto aliyepanda namna ile, akaagiza jibu lake lisomwe paredi liwe mfano kwa wenzake, na msomaji awe mimi, mwalimu wake.

Nilisoma. Shule nzima ilikuwa imesimama kwenye jua la asubuhi, na yeye alikuwa mstari wa tatu, ananitazama. Nilipofika pale mke anapofungua mlango, nilijifanya nakohoa. Yeye hakuondoa macho. Wenzake walimpigia makofi.

Likizo ile ya Desemba nilikwenda kwa mzee wa steshenari, nikatoa kopi kurasa zile nne mara sita, nikazibandika kwa gundi nyuma ya nakala zote sita na kuzishona kwa uzi wa gunia. Kazi ilinichukua siku mbili sakafuni kwangu. Nilikuwa namfikiria yeye muda wote. Nilijiambia kwamba Januari kitabu cha kwanza kizima kitakuwa chake, na kwamba nikimpa nitamwambia lile neno nililoshindwa kumwambia.

Januari alikuwa kwenye darasa la fasihi, dirishani, na sweta lake. Nilipita kati ya madawati nikagawa nakala, kila safu moja, nikamfikia yeye kwanza kuliko wote. Juu ya dawati lake palikuwa na uchambuzi, mpya, umefunikwa vizuri kwa karatasi ya kaki.

Nikamwekea kitabu mbele yake, nikakifungua kwa nyuma ili azione zile kurasa. "Hiki sasa kina mwisho," nikamwambia.

Alizitazama kidogo. Kisha akakifunga, akakisogeza kwa mwenzake wa pembeni kwa adabu zote.

"Huu unatosha, madam," akasema, akaufungua uchambuzi wake kwenye ukurasa wa ujumbe, akashika kalamu, akasubiri niandike ubaoni.